Mizizi Mifupi

Muuguzi wa chumba cha meno hakupunguza sauti. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine umeshika kadi ya mtoto, na benchi lilikuwa na watu kumi na mmoja wenye masikio mazima.

"Mama, huyu mtoto ana miaka kumi na miwili. Meno saba yametoboka, mengine hayajaota kabisa. Peremende anapewa na nani?"

"Hali peremende," alisema Mama Mdogo.

"Wakifika hapa wote huwa hawali peremende. Wewe ndiye uliyemzaa?"

"Ni mtoto wa mume wangu."

"Aa," alisema muuguzi. Ile "aa" ikatembea benchi zima, mtu kwa mtu, mpaka ikamfikia mzee wa mwisho aliyekuwa amejishika shavu. Naye, pamoja na maumivu yake, akageuza shingo amwone mama wa kambo anafananaje.

Mtoto mwenyewe alisimama kando, shavu la kushoto limevimba kama aliyeficha yai mdomoni. Baba yake alimpa jina la Chiriku alipokuwa mdogo, kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno. Siku hizi alizungumza kiganja kikiwa mbele ya midomo, na shuleni walimwita Kibogoyo. Mama Mdogo alikuwa na miaka mitatu katika nyumba ile. Ndiye aliyenunua mswaki, ndiye aliyesimama uani asubuhi na jioni kuhakikisha umetumika, na bado meno ya mtoto yalizidi kumeguka kama chaki.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alimlaza Chiriku kitini, akampiga picha ya taya, akaiangalia ile picha kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia mdomo. Kisha akaivuta kola ya mtoto kidogo, akagusa kovu lililokuwa chini ya mfupa wa bega.

"Hili ni la nini?"

"Aliungua na chai, alipokuwa anatambaa," alisema Mama Mdogo. "Ndivyo nilivyoambiwa."

"Chiriku, nenda kasukutue kwenye sinki pale nje. Taratibu, usikimbilie kutema." Mlango ulipofungwa daktari alivuta kigoda akakaa karibu. "Mama, chai humwagika. Haichomi mstari ulionyooka. Huyu mtoto aliwahi kuugua ugonjwa mkubwa kabla ya miaka mitano?"

"Nimonia."

"Aliwahi kupewa dawa za saratani? Kupigwa mionzi kichwani au shingoni?"

"Hapana, daktari." Alijibu bila kusita, kama mtu asemaye kweli anayoijua.

Daktari hakubishana. Aliandika dawa ya kutuliza jipu la jino, akampa karatasi. "Nenda kamuulize baba yake. Mwambie aje kesho kutwa, na kila karatasi ya hospitali aliyonayo. Mpaka hapo jino hili silingʼoi, na mtu mwingine yeyote asilingʼoe. Kama taya hilo lilipigwa mionzi, jino linaweza kutoka vizuri tu, lakini mfupa ukakataa kupona. Utamuuguza kidonda hicho miezi na miezi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alitoka, akapita mbele ya benchi, jozi kumi na moja za macho zikimsindikiza hadi getini.

Nyumba yao ilikuwa na karakana mbele na vyumba viwili nyuma. Mumewe alikuwa fundi wa makochi. Mama Mdogo alikuwa na cherehani pembeni ya mlango, akishona foronya za mito na vitambaa vya kuvalisha viti, na ndivyo walivyojuana: alileta foronya, akarudi kuleta nyingine, mwishowe akaletwa yeye.

Alimkuta amepiga magoti mbele ya kiti, misumari midogo ameibana kwa midomo kama kawaida yake, akiitoa mmoja mmoja na kuigongomea kwenye mbao. Dada yake, shangazi wa Chiriku, alikuwa amekaa kwenye kochi lisilo na sponji, anakula njugu.

"Wamesemaje?" aliuliza shangazi kabla ya mwenye nyumba. "Maana huko mtaani watu wanauliza. Mama muuza mkaa kaniuliza jana, huyo mtoto hana wa kumwangalia? Nikakosa jibu."

"Chiriku, nenda kapumzike ndani," alisema Mama Mdogo. Alingoja mlango wa nyuma ufungwe. "Baba Chiriku, nina swali. Chiriku aliwahi kuugua saratani?"

Nyundo ilisimama. Fundi alitoa misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, akaipanga kiganjani, akaihesabu kwa macho kama aliyesahau alianza na mingapi.

"Nani kakwambia?"

"Sijaambiwa. Ninauliza."

"Hapana. Madaktari wa siku hizi hutafuta ugonjwa usiokuwepo."

"Na wewe nawe, wifi," alidakia shangazi, "maneno gani hayo ya kuitia nyumba mkosi? Jino bovu dawa yake ni kungʼoa. Yupo yule bwana nyuma ya soko, dakika tano tu, mtoto anarudi anacheza. Hakuulizi ulizaliwa wapi wala babu yako alikufa kwa nini."

Mama Mdogo aligeukia kazi yake. Alikaa kwenye cherehani, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, akakosa tundu mara tatu. Mambo mawili hayakumtoka kichwani. La kwanza, mtu asiye na cha kuficha huanza na hapana, hafiki kwenye "nani kakwambia." La pili, wifi yake, ambaye hushtuka hata kwa bei ya vitunguu, neno saratani halikumshtua.

Kesho yake alitoka kupeleka foronya kumi na mbili kwa mwenye nyumba ya wageni. Aliporudi, saa sita mchana, karakana ilikuwa imefungwa kufuli siku ya kazi. Kiti cha mteja kilikuwa nje, kimevaa nusu.

"Wamepita hapa baba na mtoto," alisema mama muuza mkaa, akijipangusa mikono. "Wameelekea sokoni. Mtoto alikuwa analia kidogo. Si lile jino?"

Mama Mdogo hakukimbia, maana mtu mzima akikimbia mchana watu humfuata. Alitembea jinsi anavyotembea mtu aliyeacha chungu motoni. Alipita wauza viatu, akapita mashine ya kusaga, akaufikia mlango wenye pazia la kijani na jino kubwa lililochorwa kwa rangi ya mafuta. Akaingia bila kubisha.

Chiriku alikuwa kwenye kiti, kichwa amekiegemeza nyuma, mdomo wazi. Yule bwana wa meno alikuwa amekunja mikono ya shati, koleo lake likiwa kwenye beseni la maji ya moto. Baba mtu alisimama upande wa pili, uso kaelekeza ukutani, kwenye kalenda ya mwaka uliopita.

"Bwana, samahani," alisema Mama Mdogo. "Usiliguse kwanza."

"Huyu nani?" aliuliza bwana wa meno.

"Mke wangu," alisema fundi bila kugeuka. "Mama Chiriku, nenda nyumbani. Ni dakika tano."

"Nitakwenda. Ila nitakuuliza swali moja, mbele ya huyu bwana, na ukinijibu nitamshika mtoto mkono mwenyewe mpaka jino litoke. Mtoto huyu aliwahi kupigwa mionzi usoni? Daktari kasema, kama alipigwa, jino likingʼolewa mfupa unaweza usipone. Kama hakupigwa, mwambie huyu bwana aendelee."

Bwana wa meno aliacha kukunja shati. Nje mtu alikuwa anapatana bei ya ndizi. Fundi aliendelea kuitazama kalenda, na mabega yake yakaanza kushuka polepole kama gunia linalotoboka chini.

"Usiling'oe," alisema mwishowe. "Toa mkono, bwana. Mwache."

Chiriku alifunga mdomo. Aliketi wima, akamtazama baba yake, akamtazama Mama Mdogo. "Mionzi ni nini?" aliuliza, kiganja mdomoni.

Mama Mdogo alimshika mkono, akamshusha kitini. Walirudi nyumbani wote watatu.

Fundi alimwambia Chiriku akapumzike chumba cha pili, akafunga mlango wa karakana kwa ndani. Aliingia chumbani, kwenye kochi lao wenyewe, lile la rangi ya kahawia walilokuwa wakilikalia kila siku, akalipindua likalala kifudifudi. Akachukua wembe, akakata mshono wa kitambaa cheusi kinachofunika springi. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa bahasha kubwa iliyokunjwa mara mbili.

"Miaka mitatu nimekaa juu yake," alisema Mama Mdogo.

"Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Uvimbe ulimwota huku nyuma ya pua. Dripu miezi kumi na moja. Mionzi siku ishirini na nane, tukiacha Jumamosi na Jumapili. Hilo kovu ndipo walipoweka mpira wa kupitishia dawa. Lakini alipona. Walituambia amepona, tukarudi nyumbani. Mwaka wa pili mama yake akafariki kwa uzazi, ikawa kama deni la huku limelipwa kule."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kochi lililopinduliwa. "Kabla yako walikuja wawili. Wa kwanza aliuliza kama inaambukiza. Wa pili hakuuliza kitu. Aliacha tu kuja. Nikasema wa tatu hatajua. Wewe ungekuja, kama ungejua?"

"Sijui," alisema Mama Mdogo. "Na sasa sitajua kamwe kama ningekuja. Hilo umeniibia. Jingine ni hili. Miaka mitatu mtaa mzima unasema mama wa kambo anayaozesha meno ya mtoto. Nimesemwa na mwalimu, nimesemwa na muuguzi mbele ya watu. Nimekaa nikijiuliza nimekosea wapi, labda ni maji, labda ni mswaki wa bei rahisi. Na dada yako anakaa kwenye kiti chako, anakula njugu, anajua."

"Ya meno sikuyajua. Wallahi sikujua kama yanahusiana. Niliogopa tu akifunguliwa mdomo na daktari wa kweli, maswali yataanza."

"Ndiyo maana ukampeleka kwa asiyeuliza."

Mama Mdogo alitaka kusema jingine, lenye makali zaidi, lakini aliiona mikono ya mumewe ikizikunjua zile karatasi, ikilainisha kila kona kwa kidole gumba, jinsi alivyokuwa akilainisha kitambaa ghali cha mteja. Akaliacha.

"Na Chiriku?" aliuliza.

"Yeye hapana. Ni mtoto. Nimwambie alikuwa karibu kufa?"

"Neno mionzi kishalisikia. Utamwambia ni jua?"

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi kidogo, kiasi cha upana wa jicho. Wote wawili waliuona, na hakuna aliyeinuka kuufunga.

Siku ya tatu walikwenda wote. Jipu lilikuwa limepungua kwa dawa. Daktari alisoma karatasi zile kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akilamba kidole kufunua, akampa fundi mkono kwa kuzihifadhi. "Wengi huzitupa," alisema. Kisha akamgeukia Chiriku. "Meno ni yako. Nitazungumza na wewe. Wazazi watasikiliza."

Fundi alifungua mdomo kuzuia. Mama Mdogo alimwekea mkono kwenye goti, naye akaufunga.

Daktari alibandika picha mbili kwenye kioo chenye taa. "Huyu ni mtoto mwingine wa umri wako. Unaona mizizi ilivyozama kwenye taya, mirefu, inapinda kidogo? Na huyu ni wewe."

Hata Mama Mdogo, asiyejua kusoma picha za namna ile, aliona. Meno ya Chiriku yalikuwa madogo, na chini yake mizizi ilikuwa vijipande tu, kama imekatwa kwa mkasi. Sehemu nyingine hapakuwa na jino wala mzizi.

"Misumari mifupi," alisema fundi polepole. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu waingie. "Ukivalishia kochi misumari hiyo, linashika. Ila huwezi kulivuta."

"Ndivyo hasa. Chiriku, ulipokuwa na miaka mitatu ulikuwa na saratani nyuma ya pua. Ulipewa dawa kali na mionzi, na zilikuponya. Lakini wakati ule meno yako ya ukubwani yalikuwa bado yanajengwa humo ndani ya taya, huyaoni. Zile dawa hazikuchagua. Ziliua uvimbe, na zikawakuta na mafundi wanaoyajenga meno wakiwa kazini. Mengine hayakuanzwa kabisa, mengine yaliachwa nusu. Na vifuko vya mate viliungua kidogo, ndiyo maana mdomo wako mkavu na meno yanatoboka haraka."

Chiriku aliitazama picha. Aliifuata ile mizizi kwa kidole, mmoja mmoja, hata daktari akadhani hakuelewa, akataka kuanza upya.

"Kwa hiyo si kwa sababu sipigi mswaki vizuri?"

"Hapana."

"Mimi napiga mara tano. Shuleni napiga chooni, kwa mchanga. Mwalimu wa usafi alisema mchanga unatoa ule unjano. Huwa natoka damu, naitema, halafu naingia darasani."

Hakuna aliyejua hilo. Daktari alivua glavu zake, ingawa hakuwa amemaliza.

"Acha mchanga leo hii," alisema. "Unakwangua hata kile kidogo ulichonacho. Hujakosea kitu. Hukukosea wewe, wala aliyekununulia mswaki."

Chiriku alimgeukia baba yake. "Ulijua?"

"Kuugua nilijua. Ya meno sikujua. Ningekuja mapema kwa watu wanaojua ningeambiwa." Sauti yake ilikwaruza. "Niliogopa, mwanangu. Nilidhani nikinyamaza itakuwa kama haikuwepo."

"Ningejua, nisingejisugua," alisema Chiriku. Hakulia wala hakupandisha sauti. Baba yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

Jino halikungʼolewa. Daktari alilipiga ganzi, akalisafisha kwa ndani, akaliziba, ili kilichopo chini kibaki kilipo. Kuhusu mengine aliahidi machache tu: Chiriku angekuja kila miezi mitatu, angetumia dawa ya mswaki yenye nguvu zaidi, angetembea na chupa ya maji. Kuna meno ambayo yangemtoka kabla ya wakati hata akifanya yote sawasawa, na akikua angetengenezewa ya bandia. Huko mbele, popote atakapofungua mdomo mbele ya mganga wa meno, aseme kwanza neno mionzi.

Muuguzi wa siku ile alikuwepo, akishika taa na kukinga mate. Walipokuwa wakitoka alimsogelea Mama Mdogo karibu na kabati, akasema chini kwa chini, "Nisamehe, mama. Sikujua."

Kosa alikuwa amelitangaza, samahani akainong'oneza. Mama Mdogo alimtazama. "Nami sikujua," alisema. "Lakini mimi sikupiga kelele." Akatoka. Benchi la siku hiyo lilikuwa na watu wengine kabisa.

Njiani fundi alitangulia hatua kumi, bahasha kwapani. Chiriku na Mama Mdogo walifuata nyuma.

"Wewe ulijua lini?"

"Jana."

Chiriku alilipima hilo kwa hatua kadhaa. "Kumbe tulidanganywa pamoja."

"Pamoja."

"Umemsamehe?"

"Bado. Nikimsamehe nitakwambia."

"Na mimi nitakwambia," alisema Chiriku.

Shangazi alikuja Jumapili, na njugu zake. Alikaa, akamtazama mtoto shavu, akatikisa kichwa. "Limepungua. Lakini ninyi mngengʼoa tu. Na kuanzia sasa, wifi, mwangalie huyu mtoto asubuhi na jioni. Meno hayaozi yenyewe."

Mama Mdogo alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina. Fundi alikohoa, akaanza, "Dada," lakini Chiriku alikuwa amekwisha kusogea, akasimama mbele ya shangazi yake, mikono nyuma, kama mtoto anayesomeshwa shairi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Meno yangu yaliharibika nikiwa na miaka mitatu. Ni mionzi na dawa za saratani. Daktari kanionyesha kwenye picha. Mama Mdogo alikuja nikiwa na miaka tisa. Hesabu mwenyewe."

Njugu zilibaki kwenye kiganja cha shangazi. Alimtazama kaka yake, akitafuta msaada, naye akamtazama bila kuutoa.

"Nilikuwa nakufichia aibu, mwanangu," alisema shangazi mwishowe.

"Aibu ilikuwa kwa nani?" aliuliza Chiriku, na alikuwa anauliza kweli, anataka kujua.

Shangazi aliweka njugu kwenye sahani. Alipozungumza tena hakuzungumza na mtoto. "Wifi, niliwaachia watu wakuseme."

"Hukuwaachia," alisema Mama Mdogo, akimwekea kikombe mbele yake. "Ulianza wewe, wao wakaitikia. Sasa ulikoanzia kusema, anzia huko huko kukanusha. Mama muuza mkaa hajafunga bado."

Alidhani wifi yake angekasirika, angechukua mkoba na kuaga. Mkoba hakuuchukua. Alijifuta midomo, akainuka. Walimwona kupitia dirisha la karakana akivuka barabara, akisimama mbele ya magunia ya mkaa, mikono yake ikieleza kitu kirefu, mara akijigusa taya, mara akijigusa kifua. Mama muuza mkaa aliacha kupima, kopo likabaki hewani, akageuza uso kuitazama nyumba yao.

"Atamwambia yote?" aliuliza fundi.

"Yote hawezi," alisema Mama Mdogo. "Lakini ameanza." Akavuta kiti, akakaa, akaanza kunywa chai yake ikiwa bado ya moto.